Kabla ya kuuliza mshahara wa kazi ya mtoto, uliza kalenda

Leo sina video. Haya mambo hayatoshei dakika moja na muziki nyuma, kwa hivyo leo mtanisoma.

Wengi wenu mnajua niko Migwani, natafuta kazi ya kulea mtoto, na wakati huohuo nasomea ualimu wa chekechea. Kila nikisema hivyo, swali linalorudi ni moja: "Sasa wewe unataka kazi ama unataka shule?" Nimeulizwa na wakala wa Nairobi kwa simu. Nimeulizwa na mama mmoja wa Mwingi, mtoto akiwa mgongoni. Hata shangazi yangu, ambaye ananipenda, aliniuliza tukitoa mawe kwa ndengu, halafu akaniwekea na methali juu: mshika mawili moja humponyoka.

Shangazi, na wengine wote, naomba niwajibu hapa mara moja.

Methali ni ya kweli, lakini ni ya mambo mawili yanayovuta kila moja upande wake. Kulea watoto na kusomea kulea watoto ni jambo moja. Kinachogongana ni kalenda tu: kazi inanitaka siku ile chuo kinanitaka. Na kalenda inaweza kupangwa, mradi uiulize mapema, kabla hata hujauliza pesa. Hayo ndiyo maoni yangu ya leo, na nitawaonyesha hesabu.

Kwanza, hii kozi inaendaje? Vyuo vingi vinavyofunza walimu wa chekechea hapa Kenya vina masomo ya likizo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, sisi ndio tunaingia darasani, wiki tatu hivi kila kikao. Muhula ukiendelea unabaki na kazi za kuandika, vifaa vya kutengeneza kwa maboksi na vifuniko vya chupa, na mazoezi ya kufundisha. Huu si utaratibu wa juzi. Vituo vya wilaya vya kufunza walimu wa chekechea, vile vilivyoitwa DICECE, vilianza mwaka wa 1985, na vilifunza watu ambao tayari walikuwa na watoto mbele yao darasani. Mwalimu alifundisha muhula, akasoma likizo, baada ya miaka miwili akapata cheti. Hakuna aliyemwambia achague kazi ama shule.

Lakini yaya akitaka kufanya vilevile, anaonekana ana kiburi. Kwa nini?

Mimi nadhani ni kwa sababu tumezoea kwamba yaya hana saa. Mwalimu ana kengele, muuguzi ana zamu, mwenye duka ana saa ya kufunga. Yaya wa kulala ndani anaamka saa kumi na moja alfajiri na kupumzika saa tatu usiku. Hizo ni saa 16. Zidisha kwa siku sita, ni saa 96 kwa wiki. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya inasema wiki ya kazi ni saa 52, kwa siku sita. Kwa hivyo kuna mtu anafanya karibu kazi ya wiki mbili ndani ya wiki moja, halafu anaulizwa mbona hana muda wa kusoma.

Usiambiwe ati sheria haihusiani na jikoni kwa mtu. Mwaka wa 2012 mahakama ya masuala ya kazi iliamua wazi kwamba mfanyakazi wa nyumbani analindwa na kiwango cha chini cha mshahara kama wengine. Na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema mambo mawili ambayo kila msichana anayetafuta kazi ya mtoto angeyaandika kwa biro mkononi. Kifungu cha 27: angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 28: likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, na unalipwa.

Sasa tuhesabu. Vikao vitatu vya chuo kwa mwaka, wiki tatu kila kimoja, siku sita kwa wiki: ni siku 54 za kazi. Likizo yako ya siku 21 inatosha kikao kimoja na siku chache juu. Zinabaki siku 33. Hizo ndizo zinazowafukuzisha wasichana kazi ama chuo. Si ujinga, si uvivu. Ni siku 33 ambazo hakuna aliyezitaja wakati kazi ilikuwa inakubaliwa.

Kuna wanaosema zile siku za mapumziko za kila wiki zitumike kusoma, mambo yaishe. Hapana. Ukisoma Jumapili zote ukilea siku sita zilizobaki, hujapumzika, na mtoto wa mwaka mmoja anahitaji mtu mwenye macho wazi. Mtoto akitambaa hadi kwa jiko la makaa, hatangoja wewe umalize kusinzia. Siku ya kupumzika ibaki ya kupumzika. Labda saa mbili za daftari jioni, basi.

Hapo ndipo nilianza kuangalia Migwani yetu kwa jicho lingine. Ni nani hapa ana mshahara wa mwezi wa kuajiri mtu? Walimu kwanza. Halafu wauguzi, maafisa wa serikali na kaunti, na wenye maduka pale sokoni. Wachukueni mmoja mmoja.

Mwenye duka: Desemba ndiyo msimu wake. Watu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, duka linajaa, na ndio wakati mimi niko chuo. Tutakosana mwaka wa kwanza.

Muuguzi: anafuata zamu, na zamu zinabadilika. Kwake kozi ya wikendi ni shida pia, kwa sababu wikendi yako inaweza kuwa zamu yake. Ukifanya kwake, mwombe ratiba ya mwezi kabla mwezi haujaanza.

Mwalimu: shule zikifungwa, yuko nyumbani na mtoto wake. Zile wiki ninazoingia chuo ndizo wiki ambazo yeye hahitaji mtu. Kalenda zetu ni kama nguo zilizoshonwa na fundi mmoja. Nilipoliona hilo nikaacha kutuma maombi kila mahali kama mtu anayetupa mbegu barabarani. Nikaanza kuuliza kwa shule.

Sitawadanganya kwamba hii njia ni ya bure. Mwezi huu nilikuwa na nafasi mbili.

Ya kwanza ni Nairobi. Shilingi 13,000 kwa mwezi, nilale ndani, Jumapili "ikiwezekana", na Desemba familia inasafiri, lazima twende wote. Nilipotaja chuo nikaambiwa "hiyo tutaona". Na hizo 13,000, jueni, ziko chini ya kiwango. Kiwango cha chini cha kazi hii Nairobi kilichoanza Novemba 2024 ni shilingi 16,113. Kwa sehemu kama Migwani ni 8,596.

Ya pili ni hapa hapa. Madam mmoja anafundisha shule ya msingi, ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Alianza na 5,000. Tukakaa chini tukahesabu: 8,596, na kwa sababu silali kwake anafaa kuongeza asilimia 15 ya nyumba, jumla 9,885. Akaniambia ukweli bila kunizungusha: "Mwanangu, peke yangu siwezi." Sikukasirika. Ana mkopo, na ana mtoto mwingine sekondari. Lakini wiki iliyofuata akanipigia. Mwenzake wa shule hiyo hiyo ana mtoto wa miaka miwili, naye alikuwa akihangaika. Wawili hao wakakubaliana: watoto wakae nyumba moja, kila mmoja alipe 4,950. Jumla 9,900. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa 50 kwa wiki. Shule zikifungwa, nafunga.

Pesa? Miezi tisa ya shule kwa 9,900 ni 89,100. Ongeza mwezi mmoja wa likizo ya malipo, ni 99,000 kwa mwaka. Nairobi ingekuwa 156,000. Tofauti ni 57,000. Kwetu hiyo ni pesa kubwa. Nina ndugu yangu sekondari, na mvua ya Oktoba ikikosa kunyesha vizuri, karo yake haina mtu mwingine wa kuiangalia. Mama yangu hakusema kitu nilipomwambia. Alinyamaza tu akaendelea kukoroga uji, na mimi najua kunyamaza kwake.

Bado nimesema ndio kwa walimu wawili. Nimeshamaliza vikao viwili chuoni. Nikienda Nairobi kwa "tutaona", Agosti itapita, Desemba itapita, na kozi ya miaka miwili itakuwa ya miaka minne ama itakufa. Wangapi tunawajua walioenda mwaka mmoja kutafuta karo, na sasa ni mwaka wa sita? Tofauti ya 57,000 nitaifidia kidogo kidogo, kwa vifaa vya kuchezea ninavyotengeneza na hizi video zenu mnazoniangalia. Mwaka uliopotea sina mahali pa kuufidia.

Na kwa nini ning'ang'anie cheti cha kulea watoto, wakati kuna wanaosema hata susu hakusomea na alilea kumi?

Nitawaambia. Ile amri ya mishahara inawapanga wafanyakazi kwa makundi. Yaya ameandikwa mstari mmoja na mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana na tarishi. Sidharau kazi yoyote hapo. Lakini maana yake ni kwamba kwa macho ya sheria, kukaa na mtoto siku nzima ni kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuokotwa barabarani akaifanya. Sasa jaribu kwenda Saudia kufanya kazi hiyo hiyo. Serikali yetu wenyewe inataka ufanye mafunzo kabla ya kusafiri: usafi, chakula, kulea mtoto, huduma ya kwanza. Kwa hivyo mtoto wa Riyadh anafaa kupata yaya aliyefunzwa, na mtoto wa Migwani, je?

Susu alilea kumi, ni kweli, na namheshimu. Lakini susu hakuwa peke yake. Kulikuwa na shangazi, na binamu wakubwa, na majirani wa mwethya ambao wangeweza kumtazamia mtoto akienda kuteka maji. Mimi nitakuwa na watoto wawili ndani ya nyumba iliyofungwa geti, na simu. Mtoto akipaliwa na kipande cha muhogo, hakuna wa kuita. Kile nilichofunzwa chuoni kuhusu mtoto anayepaliwa, ndicho kitakachokuwa karibu.

Sasa nigeukie waajiri, maana najua mnanisoma pia. Hofu yenu naijua: yaya akisoma ataniacha. Ndiyo, ataondoka. Lakini na yule asiyesoma si huondoka? Anaondoka Jumatatu asubuhi, mkoba haupo, simu imezimwa, na wewe uko na mkutano saa mbili. Anayesoma utajua mwezi wa kuondoka kwake miaka miwili kabla. Mtaagana vizuri, na pengine atakuletea mwanafunzi mwenzake aliye mwaka wa kwanza. Mtoto wako atapata mtu anayejua kwa nini anamwimbia, kwa nini anamwongelesha Kikamba bila haraka, kwa nini anamwacha amwage mchanga na kuujaza tena kwa kikopo. Ukinipa kalenda, hujanipa zawadi. Umejinunulia utulivu.

Kuna jambo la mwisho, na hili si la mimi na madam peke yetu.

Likizo ya uzazi kwa sheria ni miezi mitatu. PP1 mtoto anaingia akiwa na miaka minne. Katikati kuna miezi 45. Miezi 45 ambayo serikali inakuta mtoto kliniki kwa chanjo, na zaidi ya hapo ni juu ya mama. Hapo ndipo unaona susu wa miaka sabini akimkimbiza mtoto kwa jua, ama dada wa darasa la sita akikosa shule siku ya soko. Na Katiba ya mwaka wa 2010 haijanyamaza. Jedwali la Nne linaweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Vyote viwili, sentensi moja. Madarasa ya chekechea tunayaona yakijengwa, na tunashukuru. Ule upande wa pili wa sentensi ndio nataka tuusome kwa sauti. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka wa 2017. Kitui nasi tunataka kuona mtoto wa miaka miwili akihesabiwa kwenye bajeti.

Sisemi jumba la ghorofa. Chumba kimoja safi karibu na soko, maji, choo cha watoto, mikeka, na walezi wawili wanaosoma likizo kwa zamu: mmoja akienda kikao, mwingine anabaki. Mama wanne wanaouza sokoni wakilipa shilingi 100 kila mmoja kwa siku, kwa siku 22 za mwezi, ni 8,800. Hiyo tayari inapita ile 8,596 ya mlezi mmoja, kabla ya asilimia 15 ya nyumba. Wakiwa mama wanane, walezi ni wawili. Kaunti ilete chumba na maji tu, sisi wengine tutapangana. Ukambani hatujaanza leo kufanya kazi kwa vikundi.

Basi, kwa wewe dada, ama kaka, maana wapo, unayetafuta kazi ya mtoto na una barua ya chuo kwa mkoba, nakuachia maswali manne. Yaulize kabla ya mshahara, kwa sauti ya heshima:

1. Nyumba hii ina shughuli nyingi zaidi mwezi gani? Mwezi huo ukiwa ni wa kikao chako, jua mapema.

2. Siku yangu ya kupumzika ni ipi? "Ikiwezekana" si siku ya wiki.

3. Likizo yangu ya siku 21 naweza kuichukua wakati wa kikao? Na siku zinazobaki tutafanyaje: bila malipo, ama nilete mtu wa kunishikia?

4. Tunaweza kuandika haya kwa karatasi, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, tukatia sahihi sote?

Ukijibiwa vizuri maswali haya manne, sasa ongea pesa, na kiwango unakijua. Ukijibiwa "tutaona", shukuru, kunywa chai yako, na uende ukaulize nyumba nyingine.

Mimi naanza Jumatatu shule zikifunguliwa. Nimeshabandika kalenda ya muhula kwa mlango wa madam, wiki za chuo zimezungushiwa wino mwekundu. Wale mnaofanya kazi kwa walimu, ama mlipanga na mwajiri mkaweza, niambieni mlipanga aje. Kuna wasichana wengi hapa wanasoma wakiwa kimya.